Nyundo ya Mfereji wa Juu

Sarrevin, 3 Aprili 2016

Mwanangu Sidonie,

U hali gani huko Lausanne, na mjukuu wangu Lucie je? Mimi mzima, ila magoti yananisuta kila nikipanda ngazi.

Habari kubwa ya kijiji ni kwamba Mfereji wa Juu unafanywa njia ya matembezi ya familia. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu ndani ya msitu, kandokando ya maji, na wameweka vizuizi vya mbao ili watoto wasitumbukie. Hata nyundo ya maji wameirudisha pale kwenye kibanda changu cha zamani cha ulinzi. Gurudumu linazunguka, nyundo inagonga ubao, kijiji kizima kinasikia kwamba maji yanapita. Ikinyamaza tu, mlinzi anatoka mbio.

Wameweka na kibao: “Hapa juu mfereji ulivunjika mwaka 1990, mlinzi Placide akiwa amelala.” Basi nimekuwa maarufu! Ufunguzi ni tarehe 12 Juni. Mlete Lucie.

Baba yako

Lausanne, 19 Aprili

Shikamoo, baba.

Pole na magoti. Sisi wazima, ila Lucie ana kikohozi na kazini kumenibana. Sidhani tutaweza kuja Juni. Hicho kibao usikisome, baba. Waambie wakiondoe.

Mwanao Sidonie

Sarrevin, 6 Mei

Mwanangu,

Kikohozi cha Aprili kitadumu hadi Juni? Haya, mpe asali.

Jana nilishuka hadi chini ya msitu, palepale nilipokuwa nikikata nyasi siku ile. Nikamwomba fundi aizuie nyundo, halafu aiachie. Ilipogonga niliisikia, iliponyamaza nilijua mara moja. Sasa siku ile nilisikia nini, Sidonie? Maji yalikuwa yameshakatika, yanazoa miti ya aprikoti ya mzee Basile upande wa pili, na mimi nina fyekeo mkononi nasikia ko, ko, ko. Nusu saa nzima!

Miaka ishirini na sita nimeapa kwamba sikulala. Mama yako, wiki aliyofariki, alinishika mkono akasema, “Placide, nimekusamehe kwa kulala.” Nikamjibu ahsante. Ningefanyaje? Nadhani nililala kweli, nikaiota nyundo. Kibao kikae.

Baba yako

Lausanne, 11 Mei

Baba,

Leo sikuulizi hali, maana mimi ndiye niliyeiharibu.

Hukulala. Hukuota. Ulisikia nyundo, na aliyekuwa akiigonga ni mimi.

Nilikuwa kibandani na Fabrice, mtoto wa mzee Basile, ambaye ulikuwa umenikataza hata kumsalimia. Mara nyundo ikanyamaza. Nilijua kimya kile kitakupandisha mbio na utatukuta. Nikashika mpini nikagonga kwa mkono, kwa mwendo uleule wa gurudumu, Fabrice akinicheka. Nilidhani ni majani yameziba, yatatoka yenyewe. Niliendelea hadi Fabrice alipopitia nyuma na kutokomea msituni.

Jumapili baada ya misa, wazee walipokunyang'anya ufunguo wa kibanda mbele ya ngazi za kanisa, uliapa kwamba ulisikia nyundo. Basile akauliza watu kama nyundo siku hizi inakoroma. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeufyata. Nilijiambia nitasema kesho. Halafu nikahamia huku ili nisiwe nakutazama usoni. Lucie hana kikohozi.

Baba, naona aibu. Nilikuachia mzigo wangu, na mama akafa akiuamini uongo wangu. Sina la kujitetea.

Sidonie

Lausanne, 2 Juni

Baba,

Wiki tatu zimepita. Nimepiga simu, huipokei. Jirani ameniambia anakuona bustanini, basi najua u mzima. Nitukane, lakini niandikie.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo

Sarrevin, 8 Juni 2016

Sidonie,

Mimi mzima. Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na karatasi siku hizi ni ghali.

Nimekasirika na bado nimekasirika. Siyo kwa ajili ya Fabrice wala miaprikoti. Nilifikia mahali nikiitwa mezani namuuliza mama yako mara mbili kama ameniita kweli. Hilo ndilo ulilonifanyia. Nimekwenda kaburini nikamsomea barua yako, neno kwa neno. Sasa anajua. Nililia sana, kisha nikarudi nikala mkate na jibini, kwa sababu njaa haingoji.

Watu wa baraza la kijiji walitaka kung'oa kibao niliposema kuna makosa. Nimewakatalia. Kina skrubu nne. Njoo Jumapili na bisibisi ukifungue wewe mwenyewe, mbele ya watu wote, na uwaambie kwa nini. Basile amezeeka lakini atakuwepo. Lucie naye aje, aiguse nyundo. Usimfiche.

Mimi sitapanda huko juu. Nitakaa chini ya msitu, pale nilipokuwa nikikata nyasi. Huna haja ya kupaza sauti sana. Masikio yangu ni mazima.

Baba yako