Shamba la Kijani Bandarini

Mpendwa Chebet,

Huku Sotik majani ya chai yamechipua vizuri. Ninayenyauka ni mimi. Unauliza kama ukubali kazi Kisumu. Nikiwa mwalimu kijana nami niliitwa huko. Bandarini niliona meli za kwenda Mwanza zimekwama katika kijani tambarare, kama chai yetu iliyopogolewa. Nikamuuliza mvuvi, "Shamba hili mnachuma lini?"

"Ingia uchume, dada, kama unajua kuogelea!"

Yalikuwa magugu ya ziwani. Watu wote walicheka, nami nikaikataa kazi, nikarudi nyumbani nikisingizia joto. Ukweli huo sijamwambia mtu. Basi lilipopanda milima niligeuka, nikaliona ziwa lote likimetameta. Wakikucheka, cheka nao, kisha ubaki, ulitazame ziwa hilo kwa niaba yangu.

Bibi yako