Mzigo Ulioandikwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Februari

Sketi sita zimekatwa, bado nne. Boda ameleta tena mzigo wa Baba Mutua. Wa tatu tangu shule zifunguliwe. Jina kwenye karatasi ni langu, namba ya simu ni yangu. Mwezi uliopita aliniomba: "Mama Mwende, wewe hushinda nyumbani na cherehani yako. Mimi niko barabarani. Nipokelee tu, na usimwambie Mama Mutua." Nikakubali kabla ya kufikiri. Mama Mutua naye hushinda nyumbani. Ua tu ndio unaotutenganisha.

Jioni Baba Mutua amekuja kuuchukua, akauficha ndani ya jaketi. Hakuketi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekutana na Mama Mutua tukichota maji. Ameuliza kama kazi imeongezeka, maana anaona boda langoni kwangu kila mara. Nimesema ni zipu na nyuzi. Uongo. Amenitazama muda mrefu kidogo. Nadhani anashuku mwanamke mwingine. Hata mimi nashuku hivyo. Nimekasirika. Miaka kumi tumeombana chumvi, leo namfichia mume wake vitu.

Jumanne, 11 Februari

Nilikuwa nangoja vifungo kutoka Nairobi. Mzigo umekuja, jina langu, nimekata gundi kwa mkasi bila kuwaza. Si vifungo. Dawa. Pakiti mbili, na karatasi yenye jina la Baba Mutua: tembe moja asubuhi, moja jioni.

Kwanza nilifurahi kwamba si mwanamke. Kisha nikaona aibu. Nimefunga upya lakini inaonekana.

Jina la dawa nimeliandika nyuma ya karatasi ya vipimo. Sijui kwa nini.

Jumatano, 12 Februari

Nimeenda mjini kununua uzi. Nikapitia duka la dawa, nikamwonyesha dada wa kaunta lile jina. Nikasema ni za mjomba.

"Hizi ni za kifafa," alisema. "Asiruke hata siku moja. Na kama anaendesha gari, aache kwanza mpaka daktari amruhusu."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Baba Mutua ndiye dereva wa basi la shule. Mwende wangu, miaka minane, hukaa kiti cha nyuma yake kwa sababu anampenda. Kila asubuhi wanapita kona za barabara ya Kola.

Nimesimama barabarani tangu saa tisa mpaka basi lilipofika. Alimshusha Mwende, akampa mkoba wake. Alitabasamu. Nimeangalia mikono yake. Haitetemeki.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nimesema Mwende anaumwa tumbo. Basi likaondoka na watoto wengine. Nimemtoa wangu, nikawaacha wa wenzangu.

Jioni Baba Mutua amekuja kuchukua mzigo. Akaona ile gundi.

"Umefungua."

"Jina ni langu. Nilidhani ni vifungo."

Aliketi. Mara ya kwanza. Akasema alianguka mara mbili mwezi wa Desemba, akiwa peke yake shambani. Daktari alimkataza kuendesha. Tangu aanze dawa hajaanguka tena.

"Nikisema, kazi imeisha. Niko na miaka hamsini na mbili. Nani ataniandika?"

"Na ukianguka kwenye kona?"

Aliugeuza mzigo mkononi. Halafu akauliza polepole, "Siku Mwende alipotaka kuzaliwa, nani alikupeleka hospitali?"

Ni yeye. Mvua, matope, Baba Mwende yuko zamu Athi River. Alinibebea begi mpaka mlango wa wodi.

Nimempa mpaka Jumatatu amwambie mwalimu mkuu. Asiposema, nitasema mimi. Ameondoka na dawa zake.

Ijumaa, 14 Februari

Nimetembea na Mwende mpaka shule, karibu saa nzima. Basi lilitupita. Watoto wamejaa madirishani, wanampungia mkono. Kwa nini nilisema Jumatatu? Leo jioni pia watapanda.

Sikurudi nyumbani. Niliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, nikingoja amalize mkutano. Baba Mutua akapita na funguo za basi mkononi. Akaniona. Nilitaka kuinuka niondoke. Sikuinuka.

Mlango ulipofunguliwa alinitangulia.

"Acha niseme mwenyewe," akaniambia.

Nilisikia funguo zikiwekwa mezani. Alipotoka hakunitazama. Jioni basi limeendeshwa na dereva mwingine.

Nimefanya lililofaa, na najiona msaliti.

Jumamosi, 15 Februari

Mama Mutua amekuja. Amesimama mlangoni, amekataa kiti. Nilidhani atazungumza habari ya kazi.

"Mume wangu ni mgonjwa, na aliyejua ni wewe," alisema. "Mimi nimelia nikidhani ana mwanamke. Na pale kwa maji uliniangalia usoni."

Nimesema pole. Haikumfikia.

Nimeshona mkono wa shati kinyume. Nikafumua, nikashona kinyume tena.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani Mama Mutua amekaa mbele kabisa. Wakati wa kupeana amani alisalimia kila mtu wa upande wake. Hakugeuka.

Shule imempa Baba Mutua kazi ya stoo mpaka muhula uishe. Baada ya hapo hawajasema. Mwende ameuliza kama atapona. Nimesema sijui.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi, haijafika saa kumi na mbili na nusu, nimesikia Mama Mutua akiita. Si Mama Mwende. Jina langu lenyewe, Syombua.

Nimepita kwenye pengo la ua bila viatu. Baba Mutua ameanguka karibu na tangi la maji, mwili wote unatikisika. Nimemwekea leso yangu chini ya kichwa. Alipotulia tukamlaza ubavu. Nje barabarani basi la shule likapiga honi. Nikamwita Mwende aende. Akatoka mbio na mkoba mgongoni, basi likaondoka. Mama Mutua alilisikiliza mpaka likapotea upande wa Kola. Kisha akanitazama.

Baba Mutua akazinduka polepole. Hakujua ni siku gani. Tulimwambia ni Jumanne.

Tumemwingiza ndani, akalala. Nikataka kuondoka.

"Keti," akasema Mama Mutua. "Chai iko."

Nimeketi. Amenimiminia, akajimiminia yeye. Hatukuongea sana. Chumbani Baba Mutua alikuwa anakoroma, na sisi tulikuwa tunamsikiliza.