Maji Yangu Hayanuki Dawa

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hata tonge halishuki. Mimi ni muuza maji, nina tangi langu pembeni ya kisima, na mtaa wetu ulipoanza kujaa watu, kila kukicha nyumba mpya na choo kipya cha shimo, bwana afya alinifundisha kutia dawa kila ninapolijaza tangi, nikawa natia, lakini wateja wakaanza maneno, mara "Mama Tangi, leo unatuuzia maji ya hospitali?", mara chai inanuka, wakahamia kwa mwenzangu ng'ambo ya barabara, nami nikapunguza dawa, nikapunguza tena, mwisho nikaacha kabisa, na wote wakarudi wakinisifu.

Binti wa kaka yangu, wa miaka minne, alikuwa akipita kwangu kila asubuhi, anakinga viganja bombani, anakunywa, ananiambia, "Shangazi, maji yako matamu." Jumapili alianza kuharisha na kutapika, Jumatatu tukamzika. Sasa kaka anasema mkewe ni mchafu, ndiye aliyemuua mtoto, na mama yetu anamuunga mkono, Jumamosi wanamrudisha kwao, na wifi mwenyewe amekubali, jamani, anashinda uani akisugua vikombe ambavyo ni safi toka zamani, na maji ya kusugulia nampelekea mimi. Nikisema, kaka atanichukia mpaka kaburini. Nikinyamaza, nitaishije? Sioni pa kushika.

Mama Tangi

Dada, pole. Nakupa pole kwa kufiwa, si kwa kuonewa. Barua yako nimeisoma hewani mbele ya nyingine zote, na nimetafuta mahali uliposema bomba umelifunga, sijapaona. Yaani unalia huku unauza? Wewe!

Inuka ukafunge bomba, hata kabla sijamaliza kusema. Mtafute bwana afya umweleze yote bila kupunguza kama ulivyopunguza dawa, na akikuambia kisima hakifai tena, basi, tafuta kazi nyingine. Pita mlango kwa mlango, waambie wamwage maji yako waliyoyaweka, na mwenye kuharisha akimbizwe hospitali leo, asingoje kesho. Watakutukana. Acha wakutukane, ili mradi hawanywi.

Kisha nenda kwa kaka yako kabla ya Jumamosi, mama yenu akiwepo. Sitakudanganya: huenda asikusamehe, na mtoto harudi, na mimi sina maneno ya kukutoa uchungu huo. Ninajua ungependa nikuambie kuna njia nyingine. Hakuna.

Lakini yupo mwanamke amekaa uani, amefiwa na mwanawe, na anaamini mikono yake ndiyo iliyomuua. Wewe peke yako unajua kwamba sivyo. Mnyang'anye hiyo ndoo ya maji yako, umwambie mbele ya wote kwamba vikombe vyake vilikuwa safi.