Tuliwasha Saa Tisa Kamili

Dada yangu mpendwa,

Jumanne ya tarehe tisa, saa tisa na dakika mbili alasiri, nilipoteza tani kumi na moja za barafu, nawe ukapoteza kiti chako katika chumba cha kuongozea umeme. Nimeona niyataje hayo kwanza, ndipo nikusalimu. Hujambo? Shemeji na mgongo wake wanaendeleaje? Mimi mzima.

Jana mhandisi wenu mkuu alinihakikishia kwamba Jumatatu unarudi kazini, na faili lako limefungwa bila doa. Nilitoka pale miguu myepesi, hata nikampisha mtu kwenye foleni. Mimi!

Unanijua: nilianza na friji moja bovu, hakuna aliyenishika mkono. Tangu waanze kuuza umeme kwa bei ya saa, naamka na orodha ya bei. Saa tisa bei ilikuwa ikishuka nusu nzima, kwa mpigo mmoja. Nikawakusanya wenye viwanda wa mtaa wetu, tukawa kumi na wanne, tukakubaliana kuzima mashine saa nane na nusu na kuwasha saa tisa kamili, si dakika kabla wala baada. Wakaniita Bwana Saa. Nikavimba kichwa.

Mhandisi alinionyesha mchoro. Akasema bei ikishuka, wazalishaji wa umeme nao hupunguza mitambo yao saa tisa ileile, kwa kuwa haiwalipi tena. Basi wao walipunguza, sisi tukawasha, ndani ya dakika moja. Umeme ukayumba, na mitambo ya usalama ikakata mitaa sita kabla binadamu yeyote hajanyanyua kidole. Akaniuliza nilitaka aliyekuwa zamu awe na mikono mingapi.

Mwezi ujao bei itaanza kushuka kidogokidogo, kila robo saa, nasi tutawasha kwa zamu, tukipishana dakika tatu. Fundi wangu ameshabandika ratiba ukutani, na sasa ananiita Bwana Giza. Nacheka naye.

Lililobaki ndilo zito. Ile barua ya malalamiko iliyokusimamisha kazi, iliyosema aliyekuwa zamu alilala, niliiandika mimi. Kurasa tatu, hasara hadi kilo ya mwisho. Uliniambia Jumanne unapumzika. Sikujua ulibadilishana zamu na mwenzako. Nilipojua, nilikaa kimya siku nne, nikikusikiliza ukilia kwenye simu na kukupa pole. Siku ya tano ndipo nikampelekea mhandisi barua ya kukiri kwamba tuliwasha pamoja, yenye saini zetu kumi na nne. Siku nne hizo siwezi kuzifuta.

Mama anakusalimu. Wabusu wapwa zangu wote watatu.

Jumapili huwa nala kwako. Nijibu kwa maandishi kabla ya Jumamosi saa sita mchana: nije, au nisije? Usinizungushe.

Ni mimi mdogo wako,
Muuza barafu