Nafasi ya Daktari Bado Iko Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wetu pekee wa upasuaji ameaga leo. Keki, picha, makofi — kisha gari lake likatoka getini na mimi nikarudi ofisini. Ofisi ya ajira hapa hospitali ni mimi peke yangu. Tangazo la nafasi yake limetoka mara tatu na hakuna aliyeomba. Hakuna! Na mdogo wangu ana mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na kliniki anahudhuria hapa hapa. Hospitali nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Naogopa. Nyumbani siwezi kusema, ndiyo maana naandika.

Jumanne, 4 Machi

Amepatikana mmoja! Yaani, hajapatikana — amepokea simu. Nimembembeleza kama mchumba: nyumba ipo, shule ya watoto ipo, wenzako watu wazuri. Amenisikiliza kwa upole, halafu akaomba kuona maoni ya wagonjwa. Mshahara hata hajauliza. Nimempa jina la Mtarajiwa.

Maoni gani sasa? Fomu zinagawiwa wodini, mgonjwa bado yuko kitandani, na nesi anasimama pale pale kusubiri. Wengi hawarudishi. Wanaorudisha wametia tiki "nzuri sana" kuanzia juu hadi chini, hata kwenye swali la chakula. Chakula chetu! Nimecheka peke yangu ofisini, kisha kicheko kikaniishia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuwapigia simu waliokwisha ruhusiwa. Bosi — tunamwita Asilimia, kwa jinsi anavyozipenda — alikubali haraka, maana anataka idadi ya wanaojibu ipande. Imepanda! Wakiwa kwao wanaongea mpaka sikio linawaka moto. Nikamuuliza bibi mmoja mbona kwenye fomu alitusifia. Akanicheka.

"We mwanangu, ningeandikaje ubaya na sista kanikodolea macho? Kesho nikirudi na mjukuu je?"

Karibu wote wanalalamikia jambo moja: wikendi hakuna daktari wa upasuaji. Baba mmoja alisema mkewe alishinda Jumamosi nzima akisubiri kupasuliwa. Nikauliza mkewe anaendeleaje sasa. Akasema asante kwa kupiga, akakata.

Sikumpigia mwingine tena. Jioni mdogo wangu alipita kunionyesha soksi za mtoto alizonunua. Nikasema nzuri, nzuri, wala sikuziangalia.

Ijumaa, 7 Machi

Asilimia amesoma maoni niliyokusanya kwa simu. Amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Eti nimtumie Mtarajiwa zile fomu za wodini tu.

"Ukimpelekea haya, haji. Asipokuja, hata siku za kazi zitakuwa kama wikendi. Ndicho unachotaka?"

Kibaya ni kwamba ana hoja. Nimezunguka na hilo kichwani mchana kutwa. Lakini akija kwa uongo ataondoka, kama walivyoondoka wawili kabla yake, na mimi nitaanza upya.

Nimemtumia Mtarajiwa yote, bila majina ya watu. Hajajibu. Roho iko mkononi. Sijui kama Jumatatu nina kazi, sijui kama nimemfukuza daktari pekee aliyepokea simu yangu. Mama alipiga kuuliza kama daktari amepatikana. Nikamwambia yuko njiani. Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi

Chupa ya mdogo wangu imepasuka asubuhi. Wiki tatu kabla ya siku zake! Mtoto amelala vibaya, mkunga anasema lazima apasuliwe. Chumba cha upasuaji kiko tayari. Mtaalamu wa usingizi yupo, damu ipo. Wa kushika kisu hayupo. Wameazima daktari wa ile hospitali nyingine — eti ameshatoka, yuko barabarani.

Niko kwenye benchi la koridoni. Naandika ili mikono ipate kazi. Shemeji anatembea, ukuta hadi ukuta. Mama ananing'ang'ania nimhakikishie, mimi si nafanya kazi hapa? Nimhakikishie nini!

Simu imelia. Nikadhani ni dereva wa huyo daktari. Kumbe ujumbe — Mtarajiwa. Amesoma yote, anasema, na ya yule baba ameyasoma mara mbili. Ana swali moja tu: mimi mwenyewe ningemleta ndugu yangu hapo?

Nimeandika hapana. Nikafuta — nikisema hapana, haji. Nimeandika ndiyo. Nikafuta. Ndani mdogo wangu amepiga kelele, ameniita "dada" kama alivyokuwa akiniita utotoni. Nimeandika: "Nimemleta. Yuko ndani. Daktari hayupo." Sijatuma. Shemeji amesimama ghafla. Mlango wa wodi umefunguliwa, mkunga ametoka mbio, anaangaza macho, anatafuta mtu wa kumwambia, na Mama amenishika mkono wa kuandi—