Ndege Isiyo na Kwao

Jumatano, Luzira

Mvua ilianza kabla ya swala ya alfajiri, na sasa ni jioni na bado haijaamua kama inaondoka au inabaki. Mguu wangu wa kulia hautulii. Unacheza peke yake chini ya meza, na Mama Safia, mke wangu, ameshaniambia kwamba nikiendelea hivi atahama na meza yake aniachie kiti.

Kesho asubuhi natakiwa kutoa jibu. Ndiyo au hapana. Nimekuwa nalo wiki nzima na kila nikilishika linaniponyoka, kwa hiyo naandika.

Mimi ni daktari wa meno, nina chumba changu cha kazi Lubaga, na nina ndege. Najua maneno hayo yanavyosikika. Nikiyasema mbele ya watu, wananiangalia kama mtu aliyeiba. Ni ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, kuukuu, imewazidi umri wauguzi wangu wote, na wala si yangu peke yangu. Tuliinunua mimi na Obadia, Mkongomani anayeuza vitenge mjini, mkimbizi kutoka upande wa Bunia. Kurusha hajui na hataki kujua. Mimi narusha, yeye anatazama nje. Kilichotukutanisha ni Kiswahili: mimi Mnubi niliyelelewa na baba mwanajeshi, yeye mtu wa Ituri, na hakuna lugha nyingine tunayoweza kugombana nayo vizuri.

Mama Safia anaiita ndege mke mwenzake. "Mke mwenzangu amekula nini mwezi huu?" huniuliza nikirudi kutoka kiwanjani, na mimi hujifanya sijasikia.

Tuliinunua Kenya, ikaja na herufi za Kenya ubavuni. Hapa iliishi kwa kibali cha muda, kama mgeni. Kibali kikikaribia kuisha niliirusha mpaka Kisumu, nikala samaki, nikarudi, nikapewa kibali kipya. Kwenye kile kiwanja chetu kidogo cha nyasi, upande wa barabara ya Entebbe, kila mwenye ndege ya namna yetu aliijua safari hiyo. Tuliiita kuipeleka kwa mjomba. Ilikuwa halali, ila ilichosha, na samaki nao wana mwisho.

Aliyechoka wa kwanza ni Obadia, ingawa yeye Kisumu hakuwahi kwenda, maana mkimbizi kuvuka mpaka ni kesi nyingine kabisa. Alisema hapendi kuona kitu chetu kinaishi kwa kuomba ruhusa kila mara. Iwe ya hapa, tuimalize. Na mimi nikashikwa na uzalendo wa ghafla.

Ndipo tukaharibu. Mtu mmoja kiwanjani alituambia kwamba Uganda haiwezi kusajili ndege ambayo bado iko kwenye rejista ya nchi nyingine, na hilo ni kweli kabisa. Basi tukaiomba Kenya iifute, ikaifuta, bila matata yoyote. Tulikuwa na haraka mpaka tukamwita mchoraji wa Kisenyi anayeandika majina kwenye malori. Akaondoa herufi za zamani, akaandika zile za Uganda tulizotengewa, akaongeza na bendera ndogo ambayo hatukumwagiza. Tulipiga picha. Nilivaa suti.

Ambacho hatukuuliza ni kwamba kabla ya kuingia kwenye rejista ya hapa lazima uonyeshe umelipa kodi ya kuiingiza nchini.

Dada aliyenihudumia ofisi ya kodi alikuwa mpole, na hilo liliniudhi zaidi. Alisoma kila kitu taratibu, kisha akaniuliza kwa adabu ya Kiganda, "Ssebo, mzee, hii ndege iko ya biashara ama ya kutembea tu?"

"Ya kutembea," nikajibu, kwa sababu ni kweli.

"Kale, sawa. Kama ingekuwa ya biashara, hiyo kodi hakuna. Ya kutembea, utaripa."

Ada ya usajili yenyewe ningeinung'unikia na kuilipa. Ada ya ukaguzi, ada ya cheti cha kuruka, ada ya kuegesha inayotembea hata ndege ikiwa imelala, hizo nimezizoea kama watu walivyozoea foleni. Lakini kodi hii ni kama kuinunua ndege upya, tuachiwe mkia tu. Mimi sina. Obadia hana. Na kuirudisha kwa mjomba haiwezekani tena, kwa kuwa ndege isiyo kwenye rejista yoyote hairuhusiwi kupaa. Kwa Kenya si yao tena, na kwa Uganda bado si ya hapa. Herufi tulizozipaka kwa mbwembwe hazina maana yoyote kisheria. Imekaa pale na bendera yake ya kujipachika.

Nimejaribu kuikasirikia serikali na nimeshindwa. Nikianza tu, namkumbuka muuguzi wangu anayelipa kodi kwenye sabuni, kwenye sukari, kwenye simu, na hana wa kumlalamikia. Mimi wa ndege nimlilie nani? Ningekuwa mimi niko upande ule wa meza, ningejitoza vilevile, tena bila upole. Hili linanisumbua kuliko kodi. Mtu akidhulumiwa angalau analala na hasira yake. Mimi sina hata hiyo.

Wiki iliyopita kampuni moja ya kukodisha ndege, majirani zetu pale kiwanjani, walikuja na njia. Wataiweka ndege chini ya leseni yao ya biashara, iwe inapeleka watalii mbugani. Ikishakuwa ya biashara, ile kodi inaondoka, usajili unapita, ndege inaruka, na sisi tunabaki wenyewe wa ndege. Obadia alikubali hata kabla hawajamaliza kueleza.

Lakini leseni yangu ni ya rubani wa binafsi. Ndege ya biashara siruhusiwi kuigusa usukani.

Nitakuwa abiria kwenye ndege yangu.

Tangu siku hiyo nimemnunia Obadia. Najua ni utoto. Yeye ndiye aliyeleta wazo la kuisajili hapa, na sasa yeye ndiye wa kwanza kuiachia, na hapotezi chochote: alikuwa abiria, atabaki abiria. Mimi niliyesoma usiku na mchana nipate leseni ndiye ninayeambiwa nirudi nyuma. Nimekuwa nikijisemea haya kila siku, kwenye foleni, bafuni, juu ya vinywa vya wagonjwa. Leo asubuhi nilimweleza bibi mmoja habari yote ya kodi ya ndege huku amejaa pamba mdomoni. Alitikisa kichwa kwa huruma, au labda sindano ilikuwa haijaingia vizuri.

Kuna safari moja tu tunayoirudia, mimi na Obadia. Tunakwenda mpaka Ziwa Albert, tunafuata ufuo wa upande wetu kuelekea kaskazini, hatuvuki katikati ya ziwa kwa sababu katikati ndiyo mpaka. Ng'ambo kuna milima ya Kongo. Nyuma ya ile milima ndiko kwao. Tukielekea kaskazini milima inakuwa upande wangu, kwa hiyo sikawii: nageuza mapema, tunarudi kusini polepole, na milima inakuwa upande wa dirisha lake. Yeye husema maneno mawili tu. "Iko kule." Kisha anatazama tu, mpaka ziwa linaisha.

Kwa kuwa sasa hatupai, kila Jumatano naenda kuiwasha injini ili isiingie kutu. Ndiyo kazi yote iliyobaki: unakaa ndani, unawasha, unakanyaga breki kwa miguu yote miwili ndege isisogee, unasubiri injini ipate joto, unazima. Leo mchana nilimwacha mgonjwa wa mwisho kwa mwenzangu nikaenda na mvua yangu. Nilikuta kaloli, yule korongo wa majalala, amesimama juu ya bawa, mkubwa, mchafu, na ile ngozi yake ya shingoni inaning'inia, ananitazama kama mwenye mali. Nilimpigia makofi. Akaondoka kwa kujivuta, akapaa bila kibali cha mtu.

Obadia alikuwa amesimama chini ya bawa la pili, na gambuti miguuni na kitenge cha sampuli kichwani kujikinga mvua. Sikumwalika. Alisema amekuja kwa sababu kesho ni kesho, na mimi simu zake sipokei.

Nikamwambia yote. Kwamba ni rahisi kwake. Kwamba yeye dirisha lake linabaki palepale.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dokta, miye nilikalaka bila makaratasi miaka mingi. Hauwezi rudia, hauwezi endelea. Unakala tu, na miaka inapita. Njo vile iyi ndeke iko sasa. Usiifanyie vile juu ya mikono yako kutaka usukani."

Nikapanda ndani. Naye akazunguka, akapanda upande wake. Nilidhani anakwepa mvua. Nikawasha. Injini ikakohoa, ikakubali, panga la mbele likazunguka mpaka likapotea machoni, na miguu yangu ikiwa juu ya breki, mguu wa kulia ukatulia. Tangu Jumatano iliyopita haujatulia hivyo.

Nilipogeuka kumtazama Obadia, alikuwa amefunga mkanda.

Amefunga mkanda na kuvaa hedseti, amekiweka vizuri kile kitenge chake mapajani, na ameupa mgongo upande wangu, anatazama nje ya dirisha lake. Nje kulikuwa na uzio, shamba la mihogo, na mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo zilizokwishalowa. Alitazama hivyo muda wote. Ndege ilikuwa inatetemeka palepale kwenye nyasi, na yeye alikuwa anatazama kama anavyotazama siku zote tukiwa juu ya ziwa. Nilingoja aseme yale maneno yake. Hakuyasema.

Niliendelea kuiacha injini ikinguruma hata baada ya joto kutosha. Niliona aibu kuzima.

Muda wote huu nimekuwa nikijihurumia kwa usukani. Sikuwahi kufikiri kwamba tangu tuifute Kenya, yule mtu hajaiona milima yake. Kwa gari ufuoni haioni vizuri, alishajaribu, ukungu unaficha. Kwa miguu hawezi kwenda. Ile ndege ndiyo njia yake pekee, na mimi nilikuwa tayari iote kutu pale kwa sababu sitaki mtu mwingine aishike.

Sikumwambia hivyo. Niliposhuka nilimwambia tu kwamba kesho aje mapema na asije na gambuti. Akacheka. "Weye njo utavaa suti tena," akasema.

Nimerudi nyumbani nikamweleza Mama Safia. Alikuwa anakata vitunguu na hakuinua kichwa. "Basi mke mwenzangu anaolewa kwingine," akasema. Kisha akaacha kisu, akanikamata goti chini ya meza, akalishikilia kwa nguvu. Lilitulia alipokuwa amelishika. Alipoachia likaanza tena.

Kesho nitasema ndiyo. Nimeandika, kwa hiyo nimesema.

Nina sharti moja. Safari ya kwanza, kabla ya mtalii yeyote, iwe ya Ziwa Albert, na Obadia akae mbele, pembeni ya rubani. Nitamtafuta huyo rubani wao, kijana mwenye saa kubwa ambaye simpendi bila sababu, nimweleze mahali pa kugeuzia. Atataka kwenda mbali zaidi kaskazini, wote wanataka, mandhari ni nzuri. Nitamwambia asifike huko. Ageuze mapema, ashuke kusini polepole, milima ije upande wa kulia, na akisikia mtu anasema iko kule asimjibu kitu.

Mimi nitakaa nyuma. Sijawahi kukaa nyuma kwenye ndege ile, hata ikiwa imezimwa. Nimejaribu kukumbuka kunavyoonekana kutoka huko na sijui. Najua tu kwamba breki ziko mbele, na kwamba kwenye sakafu ya nyuma hakuna kitu cha kukanyaga.

Huu mguu nitauweka wapi?