Nilichosema Mbele ya Wakwe Zako

Dada yangu mpenzi,

Tangu Jumapili nashindwa kukupigia simu, ndiyo maana naandika. Kazini ni yaleyale: napima maumivu kwa kugusa nyayo za watoto wa panya kwa uzi mwembamba na kuhesabu mara wanazorusha miguu. Waliozaliwa na mama waliolishwa mafuta mengi huirusha upesi zaidi.

Ninalolijua ni hilo tu. Lakini Jumapili, mezani kwa wakwe zako, mwanetu alipolia ulipomgusa paja alilochanjwa, nikajitia mtaalamu: "Ni mafuta uliyokula ukiwa na mimba." Mama mkwe wako akadakia, "Kumbe! Si zile chipsi za kila jioni!" Ukainama, ukamfunika mtoto. Sasa nasikia hata akijikwaa akalia, lawama ni zako.

Dada, wale ni panya. Kuhusu mwanetu sijui lolote. Mtoto gani halii akiguswa alipodungwa sindano? Na chipsi zile nilikuletea mimi, maana kila kingine ulikitapika. Nilikumbuka hilo palepale mezani, nikanyamaza.

Jumamosi nakuja. Nitayasema haya mbele yao wote, na mama mkwe wako akinicheka, tafadhali usinitetee.

Mimi mdogo wako.